Upande B, Wimbo wa Tatu

Daktari wa meno alitaka redio ya mapokezi iwe juu, ili wagonjwa waliokaa kwenye viti vya plastiki wasisikie mashine ikilia chumbani mwake. Ilikuwa amri ya kliniki, na mwanamke wa mapokezi alikuwa ameitii kwa miaka tisa. Jumamosi ile, saa tano asubuhi, wagonjwa walikuwa saba, mmoja amefunga shavu kwa skafu, na redioni mtangazaji wa kike alikuwa anacheka peke yake.

"Sikilizeni nimeokota nini," alisema mtangazaji. "Nimenunua katoni ya kanda kuukuu kwa mtu anayehama nyumba. Ndani nimekuta kanda moja, karatasi yake ya jalada imekatwa kwa mkasi, tena mkasi wenyewe butu. Nyuma imeandikwa kwa kalamu: Tindo, Chumba Kimoja. Wakubwa zangu hapa wananiambia huyu Tindo alikuwa mbabe wa mapambano ya mistari. Alikuwa akipanda jukwaani anamvua mtu nguo kwa maneno matupu. Lakini humu hatukani mtu. Jamani, nimelia. Huu hapa, upande B, wimbo wa tatu. Na wewe Tindo, kama ungali hai, tupigie simu."

Mwanamke wa mapokezi aliinua kalamu kutoka kwenye daftari la miadi. Mkasi haukuwa butu. Ulikuwa mkasi wake wa kushonea, na karatasi zile mia na hamsini alizikata yeye, amekaa sakafuni na mgongo unamuuma, mumewe akimwambia asijisumbue kusikiliza kilichomo, hizo ni kelele za wanaume. Hakusikiliza. Kwa miaka ishirini na miwili hakusikiliza.

Ngoma ilianza, nyembamba, kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko. Kisha ikaja sauti ya mumewe, ile ya ujana, kabla vumbi la sponji halijaikwaruza:

*Jirani akiuliza, "Mtoto mbona simwoni?"*
*Mke wangu hucheka tu, jibu liko mdomoni:*
*"Yuko kwa dada mkubwa, ameota jino chini."*
*Nami nikimsikia, natazama ukutani.*

Ilikuwa kweli. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa hapumui. Mama yake alirudi nyumbani kutoka hospitali na matiti yamejaa maziwa, na jirani wa kwanza alipouliza, ulimi wake ulikataa. Akasema mtoto yuko kwa dada yake mkubwa. Baada ya hapo hakuweza kurudi nyuma, ikabidi mtoto akue. Kwa miezi saba alimkuza kwa mdomo: akamwotesha jino, akamkalisha, akampa kikohozi na kumponya, hadi walipohama mtaa ule. Waliojua ni watu watatu. Dada mkubwa alikuwa amekwisha kufariki. Wa pili ni yeye. Wa tatu ndiye huyo aliyekuwa anaimba redioni.

"Huyo mwanamke kichwa chake hakikuwa sawa," alisema mama mwenye skafu.

"Hiyo ni huzuni, shangazi," alisema kijana wa kiti cha pembeni. "Mtu akizidiwa na huzuni anafanya mengi."

"Huzuni gani ya kumwotesha marehemu jino? Usinichekeshe mwanangu, taya linaniuma." Na akacheka, ameshika shavu, na wawili watatu wakacheka naye.

Daktari alichomoza kichwa mlangoni. "Ongeza sauti kidogo. Huyu wa ndani anaogopa."

Mwanamke alinyoosha mkono, akageuza kitufe. Sauti ya mumewe ikajaa chumba kizima, ikagonga vioo. Alisubiri hadi ikaisha. Kisha akaangalia daftari lake, akaita, "Anayefuata," na sauti yake ikatoka vilevile kama inavyotoka siku zote.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Saa ile alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari midogo mdomoni, akivuta kitambaa kwa mkono mmoja na kugongea kwa mwingine. Mwenzake, fundi wa mbao, ndiye aliyekuwa na redio.

"Wee! Si wewe huyo?"

Fundi makochi alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Miaka kumi na minne niko na wewe chini ya bati hili," alisema fundi wa mbao, "najua mpaka unavyokoroma baada ya chakula cha mchana, kumbe nimekaa na Tindo! Mdogo wangu alikuwa anakariri mistari yako mpaka anachapwa. Sasa mbona unapiga magoti hapo kama umeiba?"

Fundi makochi alikuwa anasikiliza. Alijua ni wimbo gani kabla ya neno la kwanza, kwa ule mlio wa kijiko. Kwa nukta moja alimfikiria mkewe. Nukta ya pili alikuwa ameshashika simu.

Msimlaumu upesi. Mtu aliyeandika kitu chema kikapita bila kusikika anajua njaa hiyo, na si njaa ya tumbo. Tindo alikuwa ameimba kumbi nzima zikasimama. Lakini alipotoa kanda yake, akaimba chumba alichoishi, dari inayovuja, baba yake mlevi, mke wake, watu walimwuliza, "Matusi yako wapi?" Zilizouzwa hazikufika ishirini. Zilizobaki alizigawa, nyingine zikaliwa na unyevu. Akajifunza kushona makochi na akanyamaza, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia, nilikusikia.

"Mzee Tindo!" Mtangazaji alipiga kelele simuni. "Upo hai! Wasikilizaji wanatuma ujumbe mpaka mashine imegoma. Jumamosi ijayo saa tisa tunafanya onyesho dogo, ukumbi wa maktaba. Uimbe Chumba Kimoja yote, mwanzo mwisho. Halafu tuitoe upya. Unasemaje?"

"Nitakuja," alisema.

Hakuuliza mtu yeyote. Fundi wa mbao alimkumbatia, akamjaza maranda ya mbao shati zima.

Mwanamke aliporudi alikuta meza imepangwa. Mumewe alikuwa amepika, jambo linalotokea mara chache, na binti yao, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amekaa na simu yake mapajani, haangalii mtu.

"Mama," alisema mume, "hutaamini nini kimetokea leo."

"Nimesikia."

"Umesikia redio?"

"Kliniki nzima imesikia." Aliweka mkoba chini, akavua viatu, akavipanga. "Wewe binti, kanda hiyo unayo kwenye simu?"

Binti alimwangalia baba yake. "Wameiweka mtandaoni, Mama. Mtu yeyote anaweza kuisikia."

"Nipe."

"Ngoja kwanza," alisema mume. "Tule kwanza. Nitakueleza mwenyewe, kuna mambo ya kisanii pale, ukisikiliza hivi hivi unaweza..."

"Ulisema ni kelele za wanaume. Nataka kusikia kelele."

Alichukua simu na zile spika za masikioni, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kanda nzima ni dakika thelathini na nane. Baba na binti walikaa mezani, chakula kikipoa kati yao. Mlangoni haukupita mlio hata mmoja.

"Baba," binti alinong'ona, "huo wa upande B ni wa kweli?"

"Ni wa kweli."

"Na mama alijua umeuimba?"

Baba alisogeza kijiko. Akakirudisha kilipokuwa.

Mke alipotoka macho yake yalikuwa makavu. Alikaa kwenye kiti chake, akamrudishia binti simu.

"Umeimba vizuri," alisema.

Mume alishusha pumzi. Alikuwa amengoja neno hilo kwa miaka mingi kuliko umri wa binti yake, na lilipokuja halikuwa na ladha.

"Nilitaka kuwahi," alisema haraka. "Wewe hukuwa unakuja ukumbini, hujui ile kazi. Mimi nilikuwa nashinda hivi: napanda, najisema mwenyewe kwanza. Meno yangu mabovu, viatu vya kuazima, baba mlevi, yote nayamwaga. Mwenzangu akipanda hana cha kunishika. Anabaki anatoa macho. Sasa nikafikiri na nyumba ni hivyohivyo. Tukijisema wenyewe kwanza, hakuna atakayetucheka."

"Nani alikuwa anatucheka?"

"Wangeweza."

"Leo wamenicheka. Mmoja ameshika taya." Alivuta sahani, asile. "Adui gani ulikuwa unamwahi, Tindo? Mimi nilikuwa nimempa yule mtoto mahali pa kukaa. Basi. Kwa dada. Wewe ukaenda ukamtoa."

Hakuwa amemwita jina hilo tangu wahamie nyumba hii. Binti aliinuka, mama akamwambia, "Kaa." Akakaa.

"Na kuna kitu hukujisema," mke aliendelea. "Ubeti wa tatu."

Mume aliujua ubeti wa tatu. Mtangazaji alikuwa amemsomea simuni, huku sauti yake ikitetemeka:

*Nilimshika mkono, kitanda cha dirishani,*
*Dume langu limelala, limefunikwa shukani.*

"Kitanda hakikuwa cha dirishani," alisema mke. "Kilikuwa karibu na mlango. Kila anayepita alinigonga miguu. Na aliyenishika mkono ni dada. Wewe ulikuwa wapi?"

Mume alimtazama binti yao.

"Nakuuliza mbele ya mtoto. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye pambano," alisema.

"Ulishinda?"

"Nilishinda."

"Basi mimi sikujua. Kwa miaka yote hii sikujua kama ulishinda au ulishindwa." Alianza kula, polepole, chakula baridi. "Nenda Jumamosi ukaimbe. Sikuzuii, nisije nikaambiwa nimekuzima. Lakini yule mwanaume wa kwenye wimbo, aliyenishika mkono, simjui. Siwezi kukaa naye."

Jumatatu mume alimpigia mtangazaji. Aliuliza kama onyesho linaweza kufanyika bila wimbo wa tatu wa upande B.

"Mzee wangu," alisema mtangazaji kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa, "wimbo ule ndio kanda yenyewe. Watu hawaji kusikia dari inavuja."

"Ni mambo ya mke wangu."

"Ndiyo maana unagusa. Yeye hajivunii? Mimi mtu akiniimba hivyo nitatangaza mtaa mzima."

Jumatano ilikuwa zamu ya simu ya mke. Alipigiwa kliniki, mbele ya watu, na jirani wao wa mtaa ule wa zamani, ambaye hawakuwa wamewasiliana naye kwa muda mrefu.

"Dada yangu, habari za siku nyingi. Nimesikia kitu redioni. Nikasema hapana, si yule. Maana mimi nilifuma soksi."

"Ndiyo," alisema mwanamke wa mapokezi, kalamu mkononi.

"Za njano. Nikakupa umpelekee kwa dada yako. Ukarudi ukaniambia zimemtosha."

"Ndiyo. Nilikuambia."

"Zimemtosha, ukasema. Tena nikawaambia watu." Jirani alivuta pumzi. "Haya. Mimi nilitaka kujua tu. Sina neno."

"Asante kwa kupiga."

"Sina neno kabisa, dada. Ni vile soksi..." Na akakata.

Nyumbani waliongea kuhusu chumvi, kuhusu maji, kuhusu nauli ya binti kwenda chuo. Mume alikuwa anarudi na sindano iliyopinda mfukoni mwa shati, anakaa, anainuka. Alitaka mkewe apige kelele. Katika kazi yake ya zamani kelele alizijua, angezipokea na kuzirudisha. Lakini mkewe alikuwa anampa chai kama kawaida, na anamwuliza kama inamtosha sukari, na hapo ndipo alipojikuta peke yake kuliko wakati wowote wa maisha yake, katika nyumba ya vyumba viwili, mke umbali wa mkono.

Ijumaa binti alimfuata mama jikoni. "Mama, kwa hiyo nilikuwa na kaka?"

"Osha hivyo vyombo," alisema mama.

Ukumbi wa maktaba ulikuwa na viti themanini, vyote vimekaliwa, na watu wamesimama ukutani. Wengi walikuwa hawajazaliwa Tindo alipokuwa Tindo. Walivaa fulana zenye picha ya jalada lile lililokatwa kwa mkasi, na mmoja alimwomba aweke sahihi juu ya fulana, mgongoni, akainama kama punda anayepandwa. Fundi wa mbao alikaa mstari wa mbele na suti ya harusi yake mwenyewe, anamwambia kila mtu, "Huyo nafanya naye kazi." Binti hakuja. Alikuwa amesema ana masomo, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Sauti haikuwa ile ya zamani, lakini mistari ilikuwepo. Aliimba upande A wote. Watu walikuwa wanamtangulia maneno! Aliposema dari, wao walishafika kwenye ndoo. Alisimama pale, shati limemganda mgongoni, na kitu ndani ya kifua chake ambacho kilikuwa kimekunja magoti kwa miaka ishirini na miwili kikasimama wima. Kama angeteremka wakati ule angekuwa mtu mwenye furaha.

Kikaja kijiko kwenye sufuria. Ukumbi ukapiga mluzi, kisha ukatulia. Alipita ubeti wa kwanza, wote wakaimba naye lile jino la chini, vijana wazuri, macho wameyafumba. Alipita wa pili. Wa tatu ulipofika alishusha maiki.

Ngoma iliendelea bila yeye. Mtangazaji, kando ya jukwaa, alimfanyia ishara kwa mikono.

"Sikuwepo," alisema Tindo.

Watu walingoja.

"Hapa ninaposema nilimshika mkono. Sikumshika. Kitanda kilikuwa mlangoni, si dirishani, na mimi sikukiona. Nilikuwa kwenye pambano. Nilikuwa namtukana mtu ambaye leo simkumbuki hata sura. Nikashinda, wakanibeba juu, nikafika nyumbani kesho yake. Mke wangu alikata karatasi za kanda hii na humu ndani nimedanganya juu yake. Huo ubeti ni uongo. Msiuimbe."

Ngoma ikaisha yenyewe. Kwa muda mfupi hapakuwa na sauti ukumbini, na alidhani wamemsikia.

Kisha mmoja nyuma akapiga makofi. Wakafuata wengine, wakasimama, wote themanini na wa ukutani, wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi, simu zimeinuliwa juu. "Tindo! Tindo! Tindo!" Mtangazaji alipanda jukwaani akamkumbatia, akamwambia sikioni, "Hiyo usiibadilishe hata neno. Tutairekodi hivyohivyo." Fundi wa mbao peke yake alikuwa bado amekaa, mikono juu ya magoti, anamtazama kama amekutana na mgeni.

Alirudi kwa miguu. Jua lilikuwa bado lipo. Mkewe alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo kwenye kamba, naye akaanza kupokea, bila kuambiwa, akizilaza begani.

"Nimewaambia sikuwepo," alisema.

"Wakasemaje?"

"Wamepiga makofi."

Mke alitoa kibanio kwenye shuka, akakitia mfukoni mwa gauni. "Wote?"

"Wote. Isipokuwa fundi wa mbao."

"Yule ana akili."

"Yule binti wa redio anataka nirekodi hivyo, na maneno yale. Nimemkatalia. Nimemwambia asiupige tena wimbo, amekasirika, amesema ataacha kutoa kanda yote. Nikamwambia aache." Alilaza shati jingine begani. "Lakini waliokwisha kuunakili wameunakili. Siwezi kuwafuata mmoja mmoja."

"Najua."

Walikunja shuka, yeye ncha hizi, mkewe ncha zile, wakakaribiana, wakaachana, wakakaribiana.

"Kuna mahali pengine umekosea," mke alisema.

"Wapi?"

"Umesema dume."

Hakuelewa. Alisimama na ncha za shuka mikononi.

"Tangu tumbo lilipoonekana ulikuwa unasema dume langu, dume langu. Uliporudi kesho yake na macho mekundu ukasema, dume langu limekwenda. Hukuuliza. Nikasema mwenyewe, akiuliza nitamwambia." Alichukua shuka kutoka mikononi mwake, akamalizia kukunja peke yake. "Alikuwa msichana. Nywele nyingi, mpaka hapa kwenye paji. Dada alimwogesha, mimi nikamvisha. Vidole vya miguu vilikuwa kama vyako, hiki cha pili kimezidi."

Mume alifungua mdomo. Mke alikuwa anamtazama usoni, kwa makini, na alijua kinachokuja kabla mwenyewe hajajua, maana alimfahamu tangu ujana, akiwa anatembea chumbani usiku na mchana akitunga mistari bila kutoa sauti.

"Midomo yako inacheza," alisema. "Unatafuta kina."

Alishtuka. Aliweka kiganja juu ya mdomo wake, akaufunika, akabana. Nguo zilimteleza begani zikaanguka kwenye vumbi, naye hakuinama kuziokota. Alibaki hivyohivyo, mkono umefunga mdomo, huku mkewe akirudi kwenye kamba kuanua zilizobaki.